Uponyaji Hauogopi Kupimwa

Andiko kuu: 2 Samweli 19:31–39
Masomo ya kuambatana: 2 Samweli 17:27–29, Luka 17:11–19, Isaya 38, 1 Timotheo 5:23

 

Hili ni neno nililohubiri Jumapili katika ibada ya pili. Nimeliandika hapa kwa ajili ya waliokosa, hasa wazazi wetu ambao ngazi za kanisa zimeanza kuwashinda. Mahali pengine nimeongeza kidogo, kwa sababu madhabahuni saa ilinikimbiza. Nawaomba vijana wa kila nyumba: karatasi hii isiishie kufungia mandazi. Msomee mzazi wako kwa sauti, kwa lugha anayoielewa.

MEZA ISIYO NA WATU

Mnakumbuka siku ile ya afya tuliyofanya hapa uwanjani kwetu. Mimi ndiye niliyepanga. Nilisoma biashara chuoni, kwa hiyo nilipanga kama mtu wa biashara: mabango, vikaratasi vya Kiingereza vyenye rangi nzuri, na picha kumi na nane za kuonyesha kwa projekta. Kulikuwa na meza ya macho, meza ya meno, na meza ya presha na sukari.

Kufika saa sita, foleni ya miwani ilikuwa imefika geti. Kwenye meza ya presha, muuguzi alikuwa amekaa peke yake akiangalia simu. Wazee wetu walikuwa wameingia kwenye somo langu, wakaketi, wakatikisa kichwa, wakasema "Amen" mahali pazuri, kisha wakatoka wakaenda kunywa chai.

Nikamfuata shosho mmoja ninayemheshimu sana.

"Shosho, mbona hujapimwa presha?"

"Pasta, mimi si mgonjwa."

"Lakini utajuaje kama huna presha?"

Akaniangalia kama mtoto. "Leo nimeamka saa kumi na moja. Nimeenda soko la Korogocho, nimebeba sukuma mgongoni, nimefungua kibanda, nimeuza, nimeoga, nimekuja kanisa. Mgonjwa hufanya hivyo? Mgonjwa ni yule amelala."

Sikuwa na jibu. Picha zangu kumi na nane hazikuwa na jibu la hilo. Nikavuta kiti, nikaketi na wale wazee, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikanyamaza. Waliongea karibu saa moja.

Mmoja akasema, "Ukienda kupimwa, utapewa ugonjwa. Ulienda ukiwa mzima, unarudi ukiwa na jina la ugonjwa."

Mama mwingine akasema, "Watoto wangu wakisikia niko na presha, watasema, 'Mum, rudi ushago ukapumzike.' Ushago nitarudi kwa nani? Maisha yangu yako hapa Baba Dogo."

Mzee mmoja aliyefanya kazi kiwandani miaka mingi akainamisha kichwa. "Mimi shida yangu ni mambo ya mkojo usiku. Sasa nitaanza kumwambia msichana wa rika ya mjukuu wangu?"

Mwingine akaeleza jinsi alivyoenda kliniki fulani, akaulizwa mbele ya foleni nzima kama bado anakula chumvi. "Aliniuliza kama mtoto aliyeiba sukari. Sikurudi."

Wa mwisho akasema polepole, "Pasta, hapa kanisani nikisema naumwa, watu watasema imani yangu imepungua."

Hilo la mwisho lilinichoma. Nitalirudia hapo chini.

SI SISI PEKE YETU

Wapendwa, msidhani wazee wetu ni wajinga. Wanaona afya kwa kipimo kilichowalisha maisha yao yote: kama naweza kuamka na kufanya kazi, niko mzima. Kwa malaria kipimo hicho kinafaa. Kwa mguu uliovunjika kinafaa. Lakini presha haifuati kipimo hicho. Presha inaweza kukaa na mtu miaka, anabeba sukuma, anaimba kwaya, haumwi hata kichwa.

Majirani wetu wa Korogocho walishapimwa. Watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya kilicho hapa Nairobi, walianza kutembelea nyumba za Korogocho na Viwandani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2008 na 2009 walipima presha ya watu wazima zaidi ya 5,000 katika mitaa hiyo miwili. Kati ya wale waliokutwa na presha ya juu, karibu mtu mmoja tu kati ya watano ndiye aliyekuwa anajua. Wale wengine wanne walikuwa wanaamka saa kumi na moja kama shosho wangu.

Sasa tufungue Neno.

BARZILAI, MZEE WA MIAKA 80

Daudi amekimbia mwanawe Absalomu. Amefika Mahanaimu na watu wake wana njaa, wamechoka, wana kiu. Wanatokea watu watatu na vitanda, vyungu, ngano, shayiri, maharagwe, dengu, asali, siagi na kondoo. Mmoja wao ni Barzilai Mgileadi. Huyu alikuwa tajiri aliyelisha jeshi zima la mfalme.

Vita vinaisha. Daudi anarudi Yerusalemu. Barzilai anashuka kumsindikiza mpaka Yordani, na mfalme anamwambia: twende wote, nitakutunza kwangu. Ni ofa kubwa! Nani kati yetu angekataa kuhamia Ikulu?

Barzilai anajibu kwa unyenyekevu na kwa ukweli. Anataja umri wake, miaka 80. Anasema ulimi wake hauonji tena utamu wa chakula na kinywaji. Anasema masikio yake hayasikii tena vizuri sauti za waimbaji. Anasema hataki kuwa mzigo, na anataka kurudi kwake, karibu na kaburi la baba na mama yake. Kisha anamtoa kijana Kimhamu aende badala yake.

Nataka tujifunze mambo matatu hapo.

1. BARZILAI ALISEMA UKWELI KUHUSU MWILI WAKE

Kila mtu anataka kuwa Musa. Kumbukumbu la Torati 34:7 inasema Musa alikufa akiwa na miaka 120, jicho lake halijafifia wala nguvu zake hazijapungua. Tunaipenda hiyo, tunaidai katika maombi, na si vibaya. Lakini Biblia hiyo hiyo ina Isaka ambaye macho yalififia kwa uzee. Ina nabii Ahiya ambaye macho yake hayakuona tena, na bado Mungu alisema naye. Ina Barzilai ambaye masikio yamechoka. Wote ni watu wa Mungu. Mwili kuzeeka si dhambi.

Angalia tofauti ya Isaka na Barzilai. Isaka hakuona, na udhaifu wake ukageuzwa kuwa nafasi ya kumdanganya ndani ya nyumba yake mwenyewe. Barzilai aliweka udhaifu wake mezani mbele ya mfalme, akautaja kimoja kimoja: ulimi, masikio, umri. Hakusema "niko sawa tu." Na mfalme hakumdharau. Alimbusu na kumbariki.

Baba yangu, mama yangu, ukiulizwa na daktari "unasikiaje," usijibu "tuko sawa, Mungu ni mwema." Mungu ni mwema, ndiyo. Lakini daktari ameuliza habari ya magoti yako. Mwambie unaamka mara ngapi usiku. Mwambie kidonda cha mguu kimekaa wiki ngapi bila kupona. Mwambie jicho moja limekuwa kama lina ukungu. Huo uzee unaousingizia, kuna mengine ndani yake yanatibika. Mtoto wa jicho hutolewa, mtu akaona tena. Tusiite kila kitu "ni uzee tu."

Mithali 27:23 inatuagiza tujue vizuri hali ya mifugo yetu. Kwa watu wa biashara hiyo ni kuhesabu mali. Mwenye duka asiyehesabu anaweza kuona wateja wanaingia kila siku akadhani biashara ni nzuri, kumbe anakula mtaji. Mwili nao una hesabu zake. Kupimwa hakukupi ugonjwa, kama vile kuhesabu hakuibi mali dukani. Hesabu inakuonyesha kilichopo wakati bado unaweza kufanya jambo.

2. MFALME ALISIKILIZA

Sasa nageukia sisi vijana, sisi watoto, na sisi wahubiri.

Daudi alikuwa na mpango mzuri kwa Barzilai. Alikuwa na uwezo wa kumlazimisha. Lakini mzee aliposema hapana, Daudi hakumkemea wala kumwambia "wewe mzee huelewi." Alipokea neno lake, akamchukua Kimhamu kama mzee alivyotaka, na akaongeza kwamba lolote Barzilai atakaloomba atafanyiwa.

Tunapowafundisha wazazi wetu habari za afya, mara nyingi tunaanza na amri. Acha chumvi. Acha mafuta. Rudi ushago. Acha kibanda. Tunataka kumpokonya mtu kila kitu alichobaki nacho, halafu tunashangaa kwa nini anaficha dawa chini ya godoro. Mama aliyeniambia anaogopa kurudishwa ushago hakuwa anaogopa mashine ya presha. Alikuwa anatuogopa sisi.

Kwa hiyo, kabla ya kumpeleka mama kliniki, keti umuulize: "Mama, wewe unataka nini?" Kama anataka kuendelea kuuza mboga zake, mwambie ukweli: dawa hii itakusaidia uendelee kuuza. Hapo atasikia. Mlinde pia asiaibishwe. Nenda naye, shika kitabu chake cha kliniki, na yule mzee wa mambo ya mkojo tafutia mhudumu mwanamume, umwache aongee naye mlango ukiwa umefungwa. Kuheshimu wazazi ni amri yenye ahadi. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia na serikali. Neno la Mungu lilitangulia kusema, lakini ni vizuri kujua sheria ya nchi imesema pia.

3. UPONYAJI HAUOGOPI KUPIMWA

Hapa, wapendwa, natakiwa kutubu mbele yenu.

Miezi kadhaa iliyopita, katika kipindi cha ushuhuda, ndugu mmoja alisimama akasema ameweka kando dawa zake za presha kwa imani, na anajisikia vizuri. Mimi ndiye nilikuwa na kipaza sauti. Nilipiga makofi. Nikasema, "Hiyo ndiyo imani! Nani mwingine?" Kanisa likalipuka kwa shangwe.

Mama mmoja aliyekuwa ameketi upande wa madirisha alirudi nyumbani akaacha zake. Hakumwambia mtu. Alikuwa anajisikia vizuri, kwa hiyo akaona ameponywa. Wiki tatu baadaye binti yake alimkuta asubuhi mdomo umeenda upande na mkono wa kulia umelegea. Kiharusi.

Yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini mkono ule uliokuwa unapika chai ya kesha haujarudi. Namtembelea kila Alhamisi. Familia yake haijanilaumu hata siku moja. Siku moja nilipokuwa namwombea, alinishika na mkono wa kushoto akasema polepole, maana maneno bado yanakwama: "Pasta, wewe ulipiga makofi." Hakusema kwa hasira. Alitaka tu nijue. Nilimuuliza kama naweza kuwaambia kanisa. Akatikisa kichwa kukubali.

Nimewaambia. Nisameheni.

Sasa sikilizeni nilichopaswa kusema siku ile. Katika Luka 17 wakoma kumi wanamlilia Yesu. Yesu anawaambia nini? Waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa nini makuhani? Kwa sababu katika Walawi 13 na 14 kuhani ndiye aliyechunguza ngozi na kutangaza mtu ni safi. Yesu mwenyewe, Mponyaji, aliwatuma watu wake wakakaguliwe! Walitakasika njiani wakiwa wanakwenda kwenye ukaguzi.

Kwa hiyo kama Bwana amekuponya presha, haleluya! Nenda ukapimwe. Mashine itasema. Rudi kwa daktari, na yeye ndiye atakayepunguza au kusimamisha dawa. Uponyaji wa kweli hautapotea kwa kufungwa kitambaa cha mashine mkononi.

Na tuelewe jambo moja ambalo yule mama hakuelezwa. Dawa ya presha kwa kawaida haimalizi presha, inaishikilia. Ukipimwa ukakuta iko sawa, mara nyingi iko sawa kwa sababu ya dawa. Ni kama paa. Mvua inanyesha na wewe huloi. Je, utasema "siloi tena, acha niondoe mabati"?

"LAKINI PASTA, NA ASA JE?"

Najua mtu ataniuliza. 2 Mambo ya Nyakati 16:12 inasema mfalme Asa aliugua miguu sana, naye hakumtafuta Bwana bali waganga. Soma sura yote. Asa alikuwa amemwacha Bwana hata kabla ya kuugua: alikuwa ametegemea mfalme wa Shamu na kumfunga nabii gerezani. Kosa lililoandikwa ni kwamba hakumtafuta Bwana.

Mlinganishe na Hezekia. Aliugua, akalia, akaomba, na Mungu akamwongezea miaka 15. Muujiza! Lakini Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu. Maombi na tini katika sura moja. Paulo, ambaye vitambaa vyake viliponya watu, alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo na magonjwa yake ya mara kwa mara. Na alisafiri na Luka, ambaye Wakolosai 4:14 inamwita tabibu mpendwa. Paulo hakumfukuza Luka kwa sababu ya imani.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, jua namba zako. Presha ikirudia kuwa 140 juu au 90 chini, au zaidi, katika siku tofauti, hiyo ni presha ya juu na inahitaji daktari. Huhitaji kwenda mbali. Tangu Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii, takriban 100,000 nchi nzima, mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari. Wengine wao ni washirika wa kanisa hili. Wanaweza kukupima ukiwa umeketi mlangoni pako.

Pili, jiandikishe. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Mtu aliyejiandikisha anapata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya serikali bila kulipa. Ndiyo, tunajua wakati mwingine dawa hukosekana. Lakini asiyejiandikisha anakosa hata kabla ya kufika. Bonyeza *147# au mwombe kijana akusaidie.

Tatu, jikoni. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyo ndani ya viungo vya mchuzi vya paketi. Chumvi ya kuongeza mezani ndiyo rahisi kuanza nayo.

Nne, kufunga. Ukiwa unatumia dawa za sukari, usifunge kabla ya kumuuliza daktari. Funga televisheni, funga simu, Bwana ataona moyo wako.

Tano, ukiona mdomo wa mtu umeenda upande, mkono umelegea au maneno yanakwama, usisubiri kupambazuke na usimsubiri pasta. Mkimbize hospitali hapo hapo. Nipigieni mkiwa njiani, nitaomba nikiwa kwenye bodaboda nikiwafuata.

Na kwa upande wa kanisa, askofu amekubali mambo matatu. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya ibada, kutakuwa na kupimwa presha na sukari, na mimi nitapimwa wa kwanza mbele ya wote. Somo la afya halitakuwa la projekta tena. Wazee wataketi kwa duara, watauliza, na wenye miaka ya kuishi na presha au sukari ndio watakaofundisha wenzao, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Na ushuhuda wowote wa kuacha dawa utatolewa baada ya mtu kurudi kwa daktari na kupimwa. Hatuzimi Roho. Tunafanya kama wale wakoma kumi, halafu mmoja arudi kumshukuru Yesu kwa sauti kuu.

Yule shosho wa sukuma alipimwa wiki iliyopita. Nilimpelekea mhudumu kibandani kwake, hakufunga biashara hata dakika moja. Presha iko juu. Ameanza dawa. Jana nilipopita alinitania: "Pasta, sasa umenipa ugonjwa." Kisha akanipimia sukuma ya kumi, akaongeza na fungu lingine juu.

TUOMBE

Baba katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa wazazi wetu. Zaburi ya 71 ni maombi ya mtu aliyeomba usimtupe wakati wa uzee, nasi tunaomba hivyo kwa ajili yao. Wape ujasiri wa Barzilai wa kusema palipo na maumivu. Utupe sisi masikio ya Daudi. Wabariki wauguzi na wahudumu wanaowagusa. Mguse mama yetu na mkono wake wa kulia. Utusamehe sisi tuliopiga makofi bila maarifa. Ponya, Bwana, kwa neno na kwa tini. Amen.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Barzilai alitaja udhaifu gani mbele ya mfalme? Wewe ni upi unaouficha, na unamwogopa nani?
2. Kwa nini Yesu aliwatuma wakoma kwa makuhani?
3. Kila kijana ataje mzee mmoja atakayemsindikiza kupimwa mwezi huu. Mwandikeni jina, na mje na majibu.